Nia na Sababu: Msomaji na Riwaya za Giza



Kwa miaka 31 nilikuwa karani wa mahakama. Sehemu kubwa ya miaka hiyo niliipitisha nimekaa mbele ya meza ya jaji, nikitafsiri. Shahidi anasema Kiswahili, jaji anaandika Kiingereza, kwa kuwa hivyo ndivyo kumbukumbu za Mahakama Kuu yetu ya Tanzania zilivyowekwa mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2021. Mashauri ya mauaji yaliyopita mdomoni mwangu siwezi kuyahesabu. Na jioni nikishafika nyumbani, nikishaoga na kula, nilikuwa nafungua kitabu, na kitabu chenyewe mara nyingi kilikuwa cha mauaji. Mama watoto alikuwa akiniuliza, "Baba, damu ya mchana kutwa haijakutosha, mpaka usiku uifuate vitabuni?" Sikuwahi kumjibu sawasawa. Haya nitakayoyasema leo ndiyo majibu aliyostahili kuyapata zamani.

Nianze na mahakama, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nasoma ninavyosoma. Kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba mtu aliyesababisha kifo cha mwenzake kwa kitendo kisicho halali, akiwa na dhamira ovu, ametenda kosa la kuua kwa kukusudia. Kifungu cha 200 kinaeleza dhamira ovu inavyothibitika: kwa mfano, kwamba alikusudia kuua au kudhuru vibaya, au alijua kuwa kitendo chake huenda kikaleta kifo. Yote hayo ni habari ya nia. Upande wa mashitaka ukiithibitisha nia, shauri limesimama. Ama sababu, yaani kile kilichomfikisha mtu huyu siku ile mbele ya mtu yule, panga mkononi, ikijulikana inausaidia ushahidi, na isipojulikana shauri halianguki. Siilaumu sheria. Kama mahakama ingesubiri sababu ijulikane yote, hakuna jalada ambalo lingefungwa.

Enzi zangu jaji alikaa na wazee wa baraza, raia wa kawaida walioitwa kusikiliza na kutoa maoni yao. Niliwapenda wazee hao kwa maswali yao. Wakili anauliza: ulisimama wapi, mwanga ulitokea upande gani, ulimtambuaje. Mzee wa baraza anauliza: "Ninyi mliacha kusalimiana lini?" Nakumbuka shauri la ndugu wawili, tumbo moja, mkubwa amemuua mdogo wake kwa ajili ya mwembe ulioota mpakani mwa mashamba yao. Jalada zima lilizungumza mwembe. Mzee mmoja akauliza swali lake la kusalimiana, na mshitakiwa, ambaye kwa siku tatu alikuwa ameinamisha uso, akasema, "Alinicheka kwenye msiba wa baba." Nikatafsiri. Jaji akaandika mstari mmoja. Wakili akarudi kwenye mwembe.

Usiku ule sikulala vizuri. Sikuwa na shaka kwamba yule mtu ameua, wala kwamba alikusudia. Nilitaka tu kukaa na maneno yale manne au matano muda mrefu zaidi ya ule ambao jaji alihitaji kuyaandika. Nikayatafutia mahali pa kukaa nayo, na mahali nilipopata ni riwaya.

Kizazi changu kiliingizwa katika habari za mauaji na Bwana Msa, mpelelezi wa vitabuni. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la uandishi la 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kikatoka mwaka 1960, na tangu hapo yule bwana mwenye kiko chake na rafiki yake Najum wakawa kama majirani zetu. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatuletea Inspekta Wingo katika Simu ya Kifo. Halafu wakaja Elvis Musiba na Willy Gamba wake, Ben Mtobwa na Joram Kiango wake, wakatukimbiza mijini usiku na mchana. Nimewasoma wote hao kwa raha, na namheshimu hasa Bwana Msa, kwa sababu fumbo lake likifumbuka huwa linatuacha kwenye nasaba, ndoa na urithi, yaani mahali ambapo watu wa pwani huumizana kweli.

Lakini kuna jambo lililonifunza tofauti ya vitabu vyenyewe kwa vyenyewe. Nilizoea kununua kwenye meza za vitabu vilivyotumika mjini Dar es Salaam, na vitabu hivyo huja vimepungua. Siku moja nilipata kisa kingine cha Bwana Msa, Kisima cha Giningi, kurasa za mwisho zimeng'oka. Nilikaa wiki nzima kama mtu aliyenyang'anywa sahani katikati ya chakula. Miaka kadhaa baadaye nikapata, kwa tafsiri ya Kiingereza, riwaya ya Fyodor Dostoevsky ya mwaka 1866, Uhalifu na Adhabu. Nayo ilikuwa imepungua mwishoni. Nilifika pale ilipokatikia, nikarudi mwanzo, nikaisoma tena, na haikunipitikia kwamba nimedhulumiwa. Nani kaua nilijua mapema sana. Nilichokuwa nakitafuta hakikuwa kurasa za mwisho.

Ruhusuni nikae kidogo na kitabu hiki. Raskolnikov ni kijana aliyekuwa akisoma sheria St. Petersburg, akaacha chuo kwa ufukara. Chumba chake ni kama kabati. Kuna bibi mmoja anakopesha watu kwa rehani, na kijana anaazimia kumuua. Amehesabu hatua kutoka getini kwake mpaka kwa bibi: 730. Ameshona kitanzi ndani ya koti, cha kuning'inizia shoka. Ukisoma hapo unasema, huyu amejipanga. Siku yenyewe inapofika, shoka la jikoni alilolitegemea hawezi kulichukua kwa kuwa mtumishi yupo. Analipata jingine kwa bahati tu, kwenye chumba cha mlinzi wa nyumba. Anamuua bibi. Mlango ameusahau wazi. Lizaveta, ndugu yake bibi, mwanamke mpole ambaye hakuwamo kabisa katika hesabu, anaingia, naye anauawa. Mali aliyoiiba anaifukia chini ya jiwe, hata mkoba wa fedha hajaufungua kuona mna nini.

Nikisema kwamba hivi ndivyo mauaji yalivyo, nasema kama mtu aliyetafsiri maelezo ya waliokuwepo. Mtu anahesabu hatua 730 halafu anasahau mlango. Katika majalada yetu mlango uliosahauliwa upo karibu kila mara, kwa sura nyingine: kandambili zilizoachwa kisimani, shati lililofuliwa saa nane usiku jirani akisikia maji.

Na mauaji yenyewe yanamalizika katika sehemu ya kwanza. Kitabu kina sehemu sita na hitimisho. Kurasa zote zinazobaki ni za sababu. Raskolnikov anamweleza Sonya, msichana anayemwamini, kwa nini aliua, na maelezo yenyewe hayatulii: alitaka kumsaidia mama yake na dada yake, hapana, alitaka kujua kama yeye ni wa kundi la akina Napoleon, ambao damu ya wengine haiwazuii, hapana, alitaka tu kuthubutu. Kila sababu anaitoa mwenyewe na kuikataa mwenyewe. Wahakiki wengine wameona huo kuwa udhaifu wa mwandishi. Mimi nimewasikia watu wakifanya vivyo hivyo kizimbani, wakishika sababu moja na kuiachia, wakishika nyingine, wala hawadanganyi. Wanaitafuta. Wamefika mahakamani wakidhani wao angalau wanaijua.

Dostoevsky alijua hayo kwa mwili wake. Mwaka 1849 alihukumiwa kifo pamoja na wenzake kwa mambo ya siasa, wakapelekwa uwanjani mbele ya bunduki, na dakika ya mwisho ikasomwa amri ya kuwabadilishia adhabu. Akapelekwa Omsk, Siberia, akalala miaka minne katika banda moja na wauaji. Mtu aliyelala nao hawezi kuandika muuaji mwenye akili za ajabu.

Hapo ndipo ninapokosana na sehemu kubwa ya riwaya zinazouzwa leo kwa jina la riwaya za kisaikolojia. Thomas Harris alipomwandika daktari wake Hannibal Lecter, kwanza mwaka 1981, kisha 1988, alikuwa fundi kweli, na sentensi zake zinauma. Lakini alifungua mlango ambao wengi wamepita bila ufundi wake. Tangu hapo tunaletewa muuaji anayejua muziki, mvinyo na lugha tano, amepanga kwa miaka kumi, anawaachia polisi vitendawili juu ya miili. Ndugu zangu, kwa miaka 31 sikumwona mtu huyo hata mmoja. Niliwaona watu waliochoka, waliokuwa na deni, waliolewa, walioaibishwa. Muuaji mwenye akili za kupita watu anatufariji, kwa kuwa hafanani nasi. Tunafunga kitabu tukijua kwamba nyumbani mwetu hayumo.

Kuna baya zaidi. Katika vitabu hivyo mwanamke hufa ukurasa wa kwanza, anaelezwa mwili wake kiungo kwa kiungo, na mpaka mwisho hatujui alipenda kula nini. Nimesoma orodha ya majeraha katika ripoti za daktari kwa kazi, kwa sauti, mama wa marehemu amekaa benchi la nyuma. Sikubali kuisoma kwa starehe.

Msidhani damu ndiyo inayonikimbiza. Natsuo Kirino wa Japani, katika riwaya yake Out ya mwaka 1997, ana damu nyingi kuliko wengi wao. Wanawake wanne wanafanya kazi zamu ya usiku katika kiwanda cha vyakula vya kufungashwa, pembezoni mwa Tokyo. Mmoja anamnyonga mumewe, na wenzake wanamsaidia kuukata mwili ili utupwe. Inatisha, na nililazimika kuiweka chini mara mbili. Lakini najua nani kati yao anamuuguza mama mkwe asiyeweza kuinuka, nani amezama kwenye mikopo, nani haongei tena na mwanawe nyumbani. Nilipoisoma nilikuwa naiona ile mikono yao kwenye mkanda wa kiwanda, wakipanga wali, na baadaye mikono ile ile bafuni.

Nitapita haraka kwa Truman Capote, ingawa kitabu chake In Cold Blood cha mwaka 1966 kingestahili jioni nzima. Familia ya Clutter, watu wanne, waliuawa Holcomb, Kansas, Novemba 1959, na wauaji wakaondoka na dola zisizofika 50. Capote alikwenda huko, akazungumza na watu, akakaa na wafungwa mpaka waliponyongwa mwaka 1965. Kumhusu Perry Smith, mmoja wa wauaji hao, hakuna jalada lililopata kuandika vizuri kiasi hicho. Lakini alisema kila kitu ni kweli tupu, na onyesho la mwisho, la makaburini, alilitunga. Karani hawezi kulisamehe hilo. Ukitaka kutunga, tunga, iite riwaya, nitakuamini zaidi.

Sasa Patricia Highsmith. The Talented Mr. Ripley ilitoka mwaka 1955, na watu wengi bado wanailaumu kwa jambo moja: Tom Ripley anaua, anarithi, na hakamatwi. Mwanamke mmoja, mwalimu, msomaji mzuri, aliniambia kitabu kile hakina maadili. Nilimjibu kwamba kosa la Ripley lilinisumbua kidogo, langu likanisumbua sana. Tom anatumwa Italia na tajiri mmoja kumrudisha mwanawe, Dickie Greenleaf. Anamwonea gere, anampenda, anataka maisha yake. Siku moja Dickie anamkuta mbele ya kioo amevaa nguo zake, anamwiga sauti. Aibu ya pale ndiyo mbegu. Baadaye, ndani ya mashua, Tom anampiga kwa kasia. Na kuanzia hapo, kila polisi alipobisha hodi, mimi niliyekula mshahara wa mahakama nilikuwa naomba wasimwone. Nilikuwa nakunja vidole vya miguu chini ya shuka nikimtakia heri muuaji. Nilipokishusha kitabu nilijiuliza ni mara ngapi mchana nimemtazama mtu kizimbani kama aliyetoka sayari nyingine.

Kwa Kiswahili, mwandishi aliyenipeleka huko ni Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, aliyefariki Januari 2020. Maduka hayamweki pamoja na akina Bwana Msa. Mimi katika rafu yangu nimewaweka bega kwa bega. Kichwamaji ya mwaka 1974 ni riwaya ya kisasi kama iliyo yoyote. Manase amemharibia Kazimoto dada yake, Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu anayejua kuchambua kila kitu isipokuwa nia yake mwenyewe, na anaishia kumwoa Sabina, dada yake huyo huyo Manase. Mtu anayekufa kwa mkono wa Kazimoto mwishoni ni Kazimoto. Wanafunzi wengi wameniambia kitabu kile kinakatisha tamaa. Kinakatisha, sikatai. Lakini kinakwenda taratibu na kwa uaminifu, na hakuna mahali mwandishi anapomsukuma Kazimoto ili atushangaze.

Na kabla yake, mwaka 1971, Rosa Mistika, kitabu kilichowahi kupigwa marufuku shuleni. Waliokikataza walitazama yale anayoyafanya Rosa akishakua. Mimi naomba mtazame mwanzo: Zakaria, baba yake, anampiga binti vibaya kwa ajili ya barua ya mvulana. Kipigo kile kinatembea chini ya kitabu kizima kama maji chini ya mchanga. Kezilahabi haachi kumhesabia Rosa makosa yake, lakini kile kipigo hakisahau. Mzazi anayeficha kitabu hiki mwanawe asikione, ningemsihi akisome yeye kwanza.

Hapa nitahadharishe jambo. Kuna waandishi wanaoitoa sababu kama risiti. Sura ya 30 inatuambia muuaji alipigwa utotoni, basi, hesabu imefungwa. Waliopigwa utotoni wamejaa katika ukumbi huu, na hatujaua mtu. Sababu ya kweli haimfutii mtu kosa wala haitoshi kulieleza lote, na mwandishi mzuri anaiacha hivyo, haitoshi, mbele ya macho yetu.

Aliyefanya hivyo kwa ujasiri kuliko wote niliowasoma ni Mwingereza Ruth Rendell, katika A Judgement in Stone, mwaka 1977. Tangu sentensi ya kwanza ameshamtaja muuaji, waliouawa, na sababu: Eunice Parchman, mtumishi wa nyumbani, hajui kusoma wala kuandika. Fumbo limekwisha kabla halijaanza. Na bado nilisoma usiku kucha. Eunice ni hodari wa usafi, nyumba ya akina Coverdale inang'aa. Lakini kila karatasi anayoachiwa mezani ni mtego. Anasingizia macho mabovu, anasingizia shughuli. Waajiri wake si wabaya, wana vitabu vingi, wana huruma, na huruma yao haimwoni. Siku Melinda, binti wa nyumba, anapoigundua siri yake, anamwambia kwa moyo mweupe kwamba atamfundisha kusoma. Kwa Eunice hayo ni kama kuvuliwa nguo. Anamtishia binti, anaachishwa kazi, na usiku wa tarehe 14 Februari, yeye na mwenzake Joan Smith wa duka la kijijini wanawaua kwa bunduki watu wote wanne wa nyumba ile.

Rendell hasemi kwamba asiyejua kusoma ni muuaji. Eunice ana ubaridi wake mwenyewe, ameshaua kabla ya hapo. Lakini nilipofika pale kwa Melinda, nilikifunga kitabu nikakaa kitandani, taa imewaka.

Ninyi mliofanya kazi za ofisi mnalijua hili. Mtu mzima anapewa karatasi, anaigeuza, anapapasa mfukoni, anasema, "Nimesahau miwani nyumbani." Katika mwaka wangu wa pili kazini alikuja mama mmoja, shahidi, kusoma maelezo yake na kuyatia saini. Akasema miwani. Foleni ilikuwa ndefu, na mimi nilikuwa kijana. Nikamwambia kwa sauti, watu wote wakisikia, "Mama, kama hujui kusoma sema tu, utaweka dole gumba." Watu wakageuka. Aliweka dole gumba. Halafu akanitazama, na sikuelewa ananitazamaje, nikaita anayefuata.

Nilikuwa na zaidi ya miaka kumi kazini siku niliyosoma kitabu cha Rendell, na ndipo nilipoelewa. Yule mama hakunidhuru, wala asingenidhuru. Alikwenda zake na aibu niliyomtwisha mimi, na kama ilipata kumwangukia mtu mwingine huko alikokwenda, haipo katika jalada lolote. Kuanzia asubuhi iliyofuata, mtu mzima alipoanza kupapasa mfuko, nilikuwa nainuka kitini, namsogelea, namwambia polepole, "Mama, taa ya humu hafifu, hebu nikusomee mimi." Hata saa sita mchana, dirisha likiwa wazi. Na wengi walikuwa wakinijibu, "Kweli mwanangu, hafifu sana."